Roketi ya sahani

Roketi ya sahani ni roketi ndogo ya mfano ambayo mwili wake si bomba refu jembamba, bali ni duara bapa kama sahani, ungo au kawa. Huundwa na kurushwa kwa burudani, na mara nyingine kwa kufundishia fizikia. Hupaa kwa msukumo wa injini ndogo ya baruti, au wa maji yanayosukumwa na hewa iliyoshindiliwa ndani ya chupa. Haifiki juu kama roketi ya kawaida. Hurudi ardhini bila parachuti, kwa kuwa upana wake wenyewe ndio breki.

Burudani hii ilianzia Marekani na imeenea Ulaya na kwingineko. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, injini za baruti za roketi za mfano si bidhaa ya dukani, si Mbeya wala Iringa. Kwa hiyo njia iliyo wazi kwa mwanafunzi au mwalimu ni ile ya chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli. Makala hii inaeleza zaidi njia hiyo, pamoja na jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa wasomaji wa nchi tambarare huliacha: hewa ya mikoa hii ni nyepesi, na roketi inayotegemea hewa kwa breki huathirika.

## Historia

Wazo la chombo cha angani chenye umbo la sahani lilienea baada ya tarehe 24 Juni 1947, pale rubani Mmarekani Kenneth Arnold aliposema ameona vitu tisa vikienda kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Alifananisha mwendo wao na sahani iliyorushwa ikidundadunda juu ya maji. Magazeti yakachukua neno "sahani" kama jina la umbo, na tangu hapo visahani vinavyoruka vimejaa katika filamu na vitabu vya watoto.

Wahandisi nao walijaribu. Kampuni ya Avro ya Kanada ilijenga chombo cha duara kilichoitwa Avrocar, ambacho kilifanyiwa majaribio kati ya 1959 na 1961. Kiliyumba kila kilipojaribu kupanda zaidi ya mita moja hivi kutoka ardhini, na mradi ukafungwa. Sahani ni umbo baya la kwenda mbele, lakini ni umbo zuri sana la kupunguza mwendo. Tarehe 28 Juni 2014 shirika la NASA lilirusha kutoka kisiwa cha Kauai, Hawaii, chombo cha majaribio chenye umbo la sahani kilichobebwa kwanza na puto kubwa, kisha kikasukumwa na roketi hadi kwenye hewa nyembamba ya juu. Lengo lilikuwa kutafuta namna ya kupunguza mwendo wa vyombo vizito vinavyoshuka Mirihi, ambako hewa ni haba. Sahani ilifanya kazi yake vizuri. Parachuti iliyofuata ndiyo iliyochanika.

Roketi za mfano zilianza kando ya mambo hayo. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, alibuni injini ndogo ya baruti iliyofungwa katika bomba la karatasi. Mwaka 1957 alishirikiana na G. Harry Stine kuiingiza sokoni, na mwaka uliofuata Vernon Estes akaanza kutengeneza injini hizo kwa mashine. Kampuni ya Estes baadaye iliuza pia kifurushi cha roketi ya sahani kilichoitwa Snitch. Injini hupangwa kwa herufi kufuatana na jumla ya msukumo wake: A hadi nyutoni-sekunde 2.5, B hadi 5, C hadi 10, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili.

Afrika Mashariki si mgeni wa roketi kubwa. Waitalia walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kuanzia tarehe 26 Aprili 1967 hadi 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika Shaba ya Zaire, kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi za majaribio mwaka 1977 na 1978. Katika miaka ya karibuni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta nchini Kenya wamekuwa wakijenga roketi zao wenyewe katika mradi uitwao Nakuja. Kazi hizo zote ni za roketi ndefu. Sahani imebaki burudani ya watu wanaotaka kuona roketi yao ikiruka na kurudi mbele ya macho yao, katika uwanja mdogo.

## Jinsi inavyofanya kazi

Roketi ya maji husukumwa na kanuni ya tatu ya Newton. Hewa iliyoshindiliwa juu ya maji huyasukuma yatoke kwa kasi kupitia mdomo wa chupa unaotazama chini, na chupa husukumwa kwenda juu. Hadi hapo sahani na roketi ndefu ni sawa.

Tofauti huanza roketi inapopata kasi. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne. Tena hukua kwa eneo linalokabili hewa. Chupa ya soda ya lita 1.5 ina kipenyo cha sentimita 9 hivi. Ikivalishwa sahani ya kipenyo cha sentimita 30, eneo huwa karibu mara kumi na moja. Kwa hiyo chupa ambayo peke yake ingepita mita 40 kwenda juu, ikiwa na sahani hufika mita 8 hadi 10 tu. Wanafunzi wengi huvunjika moyo wakiona hivyo mara ya kwanza. Hawana sababu, maana faida iko wakati wa kushuka. Chupa tupu inayoanguka kwa pua hugonga ardhi kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na hiyo inatosha kumjeruhi mtu. Sahani yenye uzito wa gramu 100 hushuka kwa takriban mita 5 kwa sekunde, sawa na kitu kilichodondoka kutoka kimo cha mita 1.3.

Jambo la pili ni muda wa msukumo. Chupa ya lita 1.5 yenye nusu lita ya maji, ikijazwa hewa hadi angahewa 3 juu ya hewa ya nje, hutoa karibu nyutoni-sekunde 10. Hiyo ni sawa na injini kamili ya C. Lakini injini ya C ya kawaida hugawa msukumo huo kwa karibu sekunde mbili, wakati chupa yenye mdomo wazi humaliza maji yote kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sahani hupewa kasi kubwa ghafla, na hewa huipiga kwa ukinzani wa nyutoni 40 hivi, kana kwamba mtu ameweka mzigo wa kilo 4 juu yake. Foamu huvunjika kama mkate mkavu. Dawa ni kupunguza mdomo. Kizibo cha chupa kikitobolewa tundu la milimita 9, maji hutoka kwa karibu sekunde 0.4, msukumo huwa mpole zaidi, na sahani husalimika.

La tatu ni uthabiti. Roketi yoyote husafiri kwa kunyooka ikiwa kitovu cha uzito kiko mbele ya kitovu cha shinikizo, yaani mahali ambapo nguvu za hewa huonekana kukusanyika. Roketi ndefu hupata hilo kwa mapezi ya mkiani. Katika roketi ya sahani, sahani yenyewe ndiyo pezi. Ndiyo maana lazima ikae chini kabisa, kwenye mabega ya chupa karibu na mdomo, na isizidi katikati ya kina cha maji. Anayeiweka juu, karibu na kitako cha chupa, kwa sababu inapendeza zaidi, ataiona ikipinduka kabla haijafika mita mbili. Ikikaa chini, hewa huivuta sahani nyuma kama inavyovuta manyoya ya kipira cha vinyoya. Ikifika kileleni hugeuka mara moja, kisha hushuka chupa ikitangulia na sahani ikifuata.

Kwa kusema kweli, chombo hicho hufanana na kofia ya pama kuliko kisahani cha filamu. Wapo wanaofunika chupa kwa koni ya karatasi kutoka ukingoni hadi juu ili ipate sura ya kawa. Inapendeza, lakini koni hupandisha kitovu cha shinikizo, na hulazimu kuongeza gramu 20 hivi za plastisini puani.

## Hewa ya Mbeya na Iringa

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa kati ya mita 1,500 na 1,600. Shinikizo la hewa Mbeya ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Siku ya joto la kawaida, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1 hivi, wakati Dar es Salaam ni karibu kilo 1.17.

Kasi ya kushuka hutegemea kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, kwa kinyume. Sahani ileile ya sentimita 30 na gramu 100 ambayo Dar es Salaam ingeshuka kwa mita 4.6 kwa sekunde, Mbeya hushuka kwa mita 5. Kwenye uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600, ni kama 5.2. Tofauti ya asilimia 9 inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa kasi, na hivyo kishindo huongezeka kwa karibu asilimia 18. Anayefuata vipimo vya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani au Ulaya aongeze kipenyo cha sahani kutoka sentimita 30 hadi 33, bila kuongeza uzito, na atarudi pale pale.

Msukumo wenyewe haupungui. Geji ya pampu hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na tofauti hiyo ndiyo inayosukuma maji. Angahewa 3 za geji ni zilezile Tanga na Tukuyu. Hewa nyepesi husaidia kidogo wakati wa kupanda, hudhuru kidogo wakati wa kushuka.

Upepo una uzito zaidi kuliko yote hayo. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, ndiyo yenye anga safi, lakini upepo wa mchana huwa mkali, na aliyepita Makambako anaujua. Sahani ni tanga. Ikishuka kutoka mita 10 hukaa hewani sekunde mbili hivi, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 10 pembeni. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndiyo saa nzuri.

## Kutengeneza

Chupa iwe ya plastiki na iwe ilikuwa na soda. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba na hazikutengenezwa kuhimili gesi. Chupa ya kioo au ya chuma haifai kabisa. Chupa yenye mkunjo, mkwaruzo mrefu au iliyoachwa juani miezi kadhaa itupwe.

Sahani hukatwa kutoka foamu nyeupe inayofungia runinga na friji, unene wa sentimita 2. Mafundi wa vifaa vya umeme huzitupa, na ukiomba utapewa. Kadibodi nayo inafaa ila ni nzito, na ikilowa hulegea, na roketi ya maji hailowi mara moja tu. Tundu la katikati likatwe kwa kipimo cha mabega ya chupa. Upande wa chini vibandikwe vijiti vinne vya mwanzi, vyembamba kama mishikaki, kutoka tundu hadi ukingo. Mianzi si tatizo Iringa; inayogemwa ulanzi ndiyo hiyohiyo. Gundi kali ya dukani huyeyusha foamu, kwa hiyo itumike gundi nyeupe ya mbao au selotepu pana.

Kwenye kitako cha chupa, ambacho sasa ndicho pua, kifungwe kipande cha sponji cha unene wa sentimita 4. Ubavuni ubandikwe mrija wa soda unaopita katika tundu dogo la sahani. Mrija huo huvalishwa kwenye fimbo ya mwanzi ya mita 1, iliyosuguliwa kwa msasa na kuchomekwa ardhini wima, ili roketi ianze safari ikiwa imenyooka. Ncha ya juu ya fimbo ivalishwe kizibo au mpira mdogo, maana fimbo ya kimo hicho ni hatari kwa jicho la anayeinama.

Kwa valvu, fundi baiskeli hukata valvu ya tyubu ya zamani ikiwa na mpira wake. Ikichomekwa kwa nguvu kutoka nje kwenye tundu la milimita 9 la kizibo, hushika kwa msuguano na kuachia shinikizo likizidi. Ubaya wake ni kwamba haiwezekani kuchagua wakati wa kuruka. Fundi mwenye subira hutengeneza kabari inayoshika shingo ya chupa na kuvutwa kwa kamba ndefu, na hiyo ndiyo njia ya kupendelewa shuleni.

## Kurusha na tahadhari

Chupa iliyojaa hewa ni chombo kilichobeba nguvu. Geji isomwe kila mara. Paundi 45 zinatosha, na hakuna kinachopatikana zaidi ya hapo isipokuwa hatari. Chupa mpya ijaribiwe kwanza ikiwa imejazwa maji pomoni, kwani maji hayashindiliki na chupa ikipasuka haitupi vipande mbali. Mpira wa pampu uwe mrefu, angalau mita 5, na watazamaji wakae mita 10. Roketi iliyokataa kuruka haisogelewi kabla hewa haijatolewa kwa kamba au kwa pampu. Uwanja wa mpira wa miguu unatosha, usiwe chini ya nyaya za umeme wala jirani na uwanja wa ndege wa Songwe au Nduli.

Baruti ni jambo jingine. Nchini Tanzania hudhibitiwa kwa sheria na huhitaji kibali, na kuitengeneza nyumbani kumewapotezea watu vidole na macho katika nchi nyingi. Hata injini halali ya dukani hutoa cheche. Kuanzia Julai nyasi za mikoa hii ni kama karatasi, na mashamba ya misonobari ya Sao Hill na Mufindi yanajulikana kwa hasara inayoletwa na moto mmoja. Roketi ya maji haina moto, na kwa maoni ya mwandishi hiyo peke yake ingetosha kuifanya chaguo la mashule hapa.

Kuna tahadhari moja ambayo haimo katika vitabu vya ng'ambo. Kitu cha duara kikianguka kutoka juu ndani ya ua wa mtu, wapo watakaokumbuka habari za ungo, na maneno ya namna hiyo yakianza mtaani huwa hayachagui wa kumwangukia. Mara nyingi ni bibi kizee asiyehusika. Majirani na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji waambiwe siku moja kabla, na ikiwezekana waalikwe kuvuta kamba wao wenyewe. Jina la shule likiandikwa kwa herufi kubwa juu ya sahani, swali la ni ya nani halitaulizwa mara mbili.

## Darasani

Sehemu kubwa ya somo haihitaji kurusha chochote. Sahani tupu, bila chupa, ikifungiwa jiwe dogo chini ya katikati na kudondoshwa kutoka ghorofa ya kwanza, hufikia kasi yake ya mwisho upesi, na simu yenye kamera hutosha kuipima dhidi ya ukuta uliochorwa mistari kila nusu mita. Uzito wote ukiongezwa mara mbili, kasi haiongezeki mara mbili bali mara 1.4. Wanafunzi wengi hutabiri vingine. Kipenyo kikiongezwa mara mbili kwa uzito uleule, kasi hushuka hadi nusu. Shule ya Mbeya na shule ya pwani zikitumia sahani za kipimo kimoja na kubadilishana matokeo, tofauti ya hewa ya miji hiyo miwili itaonekana katika namba zao, alimradi kila shule irudie kipimo angalau mara kumi na kuchukua wastani, kwa sababu tofauti ya asilimia 9 humezwa kirahisi na upepo mdogo au mkono uliotikisika.